Kambu Ni Kwetu, Kitonga Ni Wangu

"Hebu angalia vizuri, Kasyoka. Huyu si Kitonga wako?"

Kasyoka alikuwa akisuka, amefika katikati ya kichwa cha mteja. Alijipangusa mikono kwa aproni, akapokea simu. Picha ilikuwa imetumwa kwenye grupu ya mashabiki wa Nzuki FC, na chini yake matusi yalikuwa yameshajipanga. Vijana watatu wamesimama mbele ya goli, mikono kiunoni. Yule wa katikati alikuwa na kovu juu ya jicho, na alikuwa amevaa jezi ya bluu.

Bluu ni rangi ya Mtito Rangers.

"Si yeye," Kasyoka alisema, akarudisha simu.

Mteja hakubishana naye. Saluni yenyewe iko Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, na mtu wa Kambu asiyelijua lile kovu hayuko. Kasyoka aliendelea kusuka, lakini vidole vilikuwa vimepoteza hesabu ya mistari. Mwishowe aliomba msamaha, akatoka nje, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Niko shamba na mum. Tunavuna ndengu."

"Ndengu bado ziko?"

"Kidogo tu. Kwani kuna nini, Kasyo?"

Nyuma ya sauti yake filimbi ililia, kisha mtu akaita kwa nguvu, "Kitonga, rudi mstari!"

"Hakuna kitu," Kasyoka alisema, akakata.

Alirudi ndani akamaliza kile kichwa, akamsindikiza mteja mpaka mlangoni, ndipo akaandika: "Nimeona picha. Na filimbi nimesikia. Usinipigie mpaka uwe tayari kusema ukweli."

Kwa mtu wa mbali hii inaweza kuonekana ni mambo madogo. Kijana amehama timu, basi. Lakini Kambu ni mji mdogo, malori yanapita bila kusimama yakienda kulala Mtito Andei, na watu wa Mtito wamezoea kusema kwamba Kambu ni mahali pa kupunguza gia. Kitu kimoja tu kiliwafanya wanyamaze, nacho ni Nzuki, yaani nyuki, timu ya jezi za manjano na nyeusi iliyochezea uwanja ule wa vumbi karibu na reli hata kabla Kasyoka hajazaliwa. Kila Jumapili baada ya ibada watu walitoka kanisani wakiwa na nguo zao nzuri, wakaenda uwanjani moja kwa moja. Baba yake Kasyoka, Mzee Nzomo, alikuwa golikipa wa Nzuki zamani. Kaka yake Mutunga alikuwa kapteni, na sasa ndiye kocha.

Kasyoka na Kitonga walilelewa nyuma ya goli. Kazi yao utotoni ilikuwa kuokota mipira iliyoangukia kwenye miiba, na malipo yao yalikuwa kuruhusiwa kukaa na wachezaji wakati wa mapumziko. Walitoleana miiba miguuni. Walikula muthokoi kutoka bakuli moja la mama Kitonga, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wakigombania mahali penye vitunguu. Kitonga alipopata kovu lile ni Kasyoka aliyemfunga jicho kwa leso ya kanisani, akachapwa nyumbani kwa kuiharibu leso. Na viatu vya kwanza vya mpira ambavyo Kitonga alivaa maishani vilikuwa vya Mutunga. Vilimzidi mguu, wakajaza magazeti mbele.

Sasa walikuwa watu wazima na walikuwa wamekubaliana kuoana. Mbuzi wa ntheo, wale ambao kwa Wakamba hufungua mlango wa ndoa, walikuwa waje Agosti.

Nyumbani alimkuta Mutunga ameshaona picha. Alikuwa amesimama uani, simu mkononi, na hakumsalimu.

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Kijana nimemvalisha viatu vyangu. Nimemfundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto hapa, hapa nyuma ya jikoni." Alipaonyesha kwa kidole. "Halafu anaenda kwa wale watu."

"Kaka, bado sijaongea naye."

"Ukiongea naye mwambie hivi. Mbuzi zake azipeleke Mtito. Hapa haziingii."

Mzee Nzomo alikuwa akisikiliza kutoka ndani. Alitoka akauliza kama chakula kiko tayari. Ni mtu wa maneno machache.

Kitonga alikuja Jumamosi, mchana. Kasyoka alimkataza kuingia saluni. Alimwambia waende uwanjani, mahali ambapo kila mtu angewaona, kwa sababu hakutaka mtu yeyote aseme walikutana kwa kujificha. Uwanja ulikuwa mtupu, mbuzi wa watu wakila nyasi karibu na kona.

"Sema," alimwambia.

"Nimesaini Mtito. Msimu mzima."

"Hiyo Kambu yote inajua. Niambie kwa nini ulinidanganya."

Kitonga alipiga jiwe kwa kiatu. "Ningekuambia, ungeniambia nisiende. Na ungesema, singeenda."

"Kwa hivyo ukaona unifanye mjinga."

"Niliona aibu, Kasyo. Lakini si aibu ya kuhama."

Akaanza kumweleza mambo ya mwaka jana. Kasyoka alidhani anayajua. Kwenye fainali dhidi ya Mtito, Nzuki ilipata penalti mwishoni, Kitonga akaipiga nje, kombe likaenda. Watu walikasirika, naye Kasyoka alikasirika pia, alilia mpaka akaumwa kichwa. Lakini kwake hasira iliisha baada ya wiki. Kwa Kitonga haikuisha. Mtu alianzisha uvumi kwamba aliuza mechi. Uvumi ukafika sokoni. Mama yake, Nthenya, ambaye ameuza nyanya na vitunguu Kambu tangu Kitonga akiwa mgongoni, akaanza kuona wateja wake wakivuka barabara kwenda meza nyingine. Siku moja alikuta mtu amemwandikia kwa makaa kwenye ubao wa meza: MAMA PENALTI.

"Hukuniambia hii," Kasyoka alisema.

"Mum alinikataza. Aliifuta kwa sketi yake, akasema nisiongeze moto." Kitonga sasa alimtazama usoni. "Mimi nilikuambia ya uvumi. Unakumbuka ulinijibu nini? Ulisema itapita. Na ikapita, Kasyo. Ilipita kwako."

Kasyoka alimfukuza mbuzi aliyesogea karibu, akarudi kusimama mbele yake.

"Kaka yako akaniweka benchi," Kitonga aliendelea. "Mechi baada ya mechi. Hakuniambia mbaya wala nzuri. Wale watu walionibeba mabegani nikiwa mdogo, wananipita njiani kama jiwe. Mtito waliniita, wakanipatia kazi kwa fundi wa magurudumu na wakaniambia njoo ucheze. Hakuna mtu wa kule ameniuliza habari ya penalti."

"Hawawezi kukuuliza. Ile penalti iliwapa kombe."

Kitonga alicheka kidogo bila kutaka. Kasyoka hakucheka.

"Sikiliza, Kitonga. Kuhama, nimeelewa. Imeniuma lakini nimeelewa. Uongo sijaelewa, na sitaki kuelewa. Ukinidanganya tena kuhusu mahali ulipo, hata kama uko kanisani, mimi na wewe tumemalizana."

"Nimesikia."

"Na nisikilize tena. Mimi ni Nzuki. Mkija hapa kucheza nitavaa manjano na nitaomba Mungu mfungwe."

"Hiyo najua."

"Na mbuzi wako walete Agosti kama tulivyosema."

"Mutunga amesema haziingii."

"Mutunga ndiye anaolewa?"

Habari kwamba wameonekana uwanjani zilifika kwa mashabiki kabla yeye hajafika nyumbani. Kyule, mwenyekiti wa mashabiki, mtu wa bodaboda mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya reli, aliitisha mkutano pale steji, kituo cha magari. Mechi ya Nzuki na Mtito ilikuwa inakaribia, tena ilikuwa ya nyumbani. Kasyoka ndiye aliyekuwa kiongozi wa nyimbo. Tangu akiwa msichana ndiye aliyekuwa anaanzisha, na wengine wanaitikia.

Kyule alisema wamepata wimbo mpya. Akauimba mstari wa kwanza mwenyewe, akipiga makofi. Ulimtaja Kitonga kuwa muuza mechi, na mstari wa pili ukamtaja mama yake na nyanya zake kwa maneno ambayo hayawezi kuandikwa hapa. Vijana wakacheka.

"Madam, huu utaanzisha wewe," Kyule alisema. "Tujue uko upande gani."

"Siuanzishi."

"Basi ni ukweli. Umehama na bwana."

"Kyule, wewe ulianza kuja uwanjani ulipopata bodaboda ya kubebea mashabiki. Mimi nilikuwa nyuma ya goli nikitolewa miiba. Usiniulize niko upande gani."

"Tukisema uache kuongoza?"

"Semeni."

Watu walitazamana. Mwanamke mmoja muuza chapati alijaribu kusuluhisha, akasema mstari wa mama uondolewe, ule wa Kitonga ubaki. Kyule akakataa, akasema wimbo ni mmoja. Wakapiga kura kwa mikono, na mikono ya vijana ikawa mingi. Kasyoka akavuliwa uongozi hapo hapo steji, mbele ya wauza maji na makondakta.

"Sawa," alisema. "Jumapili nitakuja kama shabiki. Hiyo hamuwezi kunivua."

Wiki hiyo wateja walipungua saluni. Wawili walimwambia wazi kwamba watasuka kwingine mpaka mambo yapoe. Kasyoka aliwatakia nywele njema. Jioni alimpigia Kitonga, akamweleza yote.

"Kasyo, naweza kuomba nisipangwe hiyo siku. Niseme mguu unauma."

"Ukifanya hivyo watasema kweli. Cheza."

"Wataimba ule wimbo."

"Waimbe. Wewe cheza mpira."

Jumapili, baada ya ibada, Kasyoka hakwenda uwanjani moja kwa moja. Alipitia kwa mama Kitonga. Nthenya alikuwa ameketi jikoni akichambua ndengu, bado ana kitenge cha kanisani. Tangu ile fainali hakuwahi kukanyaga uwanjani.

"Mwaitu, nimekuja kukuchukua," Kasyoka alisema. Amekuwa akimwita hivyo, mama, tangu enzi za bakuli moja.

"Nenda tu, mwanangu. Mimi nitasikiliza kelele kutoka hapa."

"Mtoto wako anacheza nyumbani."

"Watanitukana, Kasyoka."

"Najua. Watutukane sote wawili."

Nthenya alichambua ndengu kidogo zaidi. Kisha akasukuma ungo kando, akafunga kitambaa upya, akauliza kama jua ni kali.

Waliingia uwanjani wameshikana mikono, mmoja ana kitenge, mwingine ana jezi ya manjano yenye jina la Nzuki mgongoni. Watu waliwafungulia njia bila kuwasalimu. Kasyoka hakwenda pembeni. Alimpeleka mama mpaka katikati ya mashabiki wa Kambu, mahali alipokuwa akisimama yeye kila mara kuongoza nyimbo, akamketisha kwenye jiwe.

Timu zikatoka. Mutunga alikuwa kando ya mstari na kofia yake. Alimwona dada yake, akamwona aliye naye, akageuka upande mwingine. Kitonga alipogusa mpira wa kwanza, Kyule akauanzisha ule wimbo.

Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili ulipoanza, ule wa nyanya, Kasyoka alisimama akageuka, mgongo kwa uwanja, uso kwa mashabiki.

"Nyamazeni kidogo," alisema. Hakupaza sana, lakini sauti iliyoongoza watu hao miaka yote walikuwa wamezoea kuisikia, na wengi walinyamaza kabla ya kufikiri. "Mama mnayemwimba ni huyu hapa. Nani kati yenu hajala kwake? Kyule, wewe mwenyewe ulikuwa unakopeshwa vitunguu. Sasa nataka mtu mmoja aliyeona Kitonga akiuza mechi. Mmoja tu. Asimame aseme alimuuzia nani, na wapi. Akisema, mimi mwenyewe nitauanzisha wimbo wenu."

Hakuna aliyesimama. Kijana mmoja alisema ni kitu kila mtu anajua.

"Kila mtu anajua, lakini hakuna mtu aliona," Kasyoka alisema. "Mimi ni Nzuki kuliko ninyi, na leo nataka tuwafunge Mtito mpaka walie. Tutawafunga kwa mpira. Hatutawafunga kwa kumtukana mama wa mtu."

Alishika mkono wa Nthenya, akaanza wimbo wa zamani, ule wa Kikamba wa kusifu nyuki ambao wazee waliuleta uwanjani. Mwanzoni aliimba peke yake. Kisha muuza chapati akaitikia. Kisha wanawake wa kwaya. Kyule na vijana wake walijaribu kuurudisha ule wao, lakini waliitikiwa na wachache, na baadaye wakaacha wenyewe kwa sababu Nzuki ilikuwa imepata kona na hakuna mtu alitaka kuikosa.

Nzuki ilicheza vizuri siku hiyo. Iligonga mwamba, ikakosa tena. Kasyoka alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Halafu kipindi cha pili, mpira ulirushwa kutoka nyuma, Kitonga akautuliza kwa kifua, akaupiga kwa mguu wa kushoto, ule aliofundishwa nyuma ya jikoni ya kina Kasyoka. Golikipa wa Kambu hakusogea.

Uwanja ulikuwa kimya kama kanisa kabla ya maombi. Wachezaji wa Mtito walimrukia Kitonga, yeye akasimama tu mikono chini. Nthenya alijifunika mdomo kwa kitenge. Kasyoka alikuwa analia. Hakulia machozi ya furaha. Alilia kwa sababu Kambu ilikuwa imefungwa, na hakuweza kujizuia.

Mechi iliisha hivyo hivyo, moja bila. Kitonga hakwenda na wenzake kwenye gari. Alivuka uwanja akaja mpaka kwa mama yake, akapiga magoti, Nthenya akamshika kichwa. Watu wa Kambu walisimama wakiwatazama. Kyule alikuwa karibu, mikono nyuma.

Kitonga akainuka mbele ya Kasyoka.

"Umeniumiza," Kasyoka alimwambia.

"Najua."

"Lilikuwa goli zuri, na leo sitaki kukuona. Nenda na timu yako."

"Na Agosti?"

"Agosti nimekuambia siku nyingi. Au mbuzi wameugua?"

Agosti ikafika. Asubuhi ya ntheo, Mutunga alibeba kiti akakiweka langoni, akaketi. Alikuwa amemwambia baba yake kwamba mbuzi wakiingia, yeye anatoka. Mzee Nzomo alijibu kwamba nyumba ni yake yeye mzee, lakini hakumwondoa pale. Shangazi walipika bila raha, wakichungulia.

Wajomba wa Kitonga walikuja kwa miguu kutoka barabarani, mbuzi wakivutwa kwa kamba, Nthenya nyuma na wanawake wenzake. Kitonga alikuwa katikati. Walifika langoni wakasimama, kwa kuwa Mutunga hakuinuka.

Mzee Nzomo akaja polepole mpaka hapo. Akaita, "Kasyoka."

Kasyoka akatoka ndani. Alikuwa amevaa gauni la kitenge alilolishona kwa siku hiyo.

"Kuna wageni hapa na mbuzi," baba yake alisema, kama desturi inavyotaka. "Unawajua hawa watu?"

"Nawajua, baba."

"Tupokee mbuzi wao?"

"Mpokee."

"Mimi sikubali," Mutunga alisema kutoka kwenye kiti. "Huyu mtu alituacha. Tulimfanya mtu, akatuacha."

Kasyoka alimsogelea kaka yake, akachuchumaa ili macho yao yawe sawa.

"Kaka, nikuulize kitu. Wewe ni kocha. Unajua mpira kuliko hawa wote. Waliposema Kitonga ameuza mechi, wewe uliamini?"

"Nilikasirika," Mutunga alisema.

"Sikuulizi kama ulikasirika. Nakuuliza kama uliamini."

"Sikuamini."

"Na ulinyamaza. Mwaka mzima. Neno lako moja lingemaliza ule uvumi, na ulinyamaza. Kwa nini?"

Kitonga aliingilia kati kutoka nje ya lango. "Kasyo, wachana nayo. Hayo yaliisha."

Ni hapo ndipo Kasyoka alipojua kuna kitu. Alimtazama Kitonga, akamtazama Mutunga. Kaka yake alikuwa ameinamisha kichwa, anavua kofia na kuivaa tena.

"Alikuwa ameumia," Mutunga alisema. "Siku ya fainali. Alikuja kwangu akaniambia paja limevutika, mtu mwingine apige hiyo penalti. Nikamwambia apige yeye. Nikamwambia asiniletee uoga. Akapiga, ikatoka nje. Watu walipoanza kusema aliuza, nikangoja aseme ukweli aniumbue. Hakusema. Basi nikamweka benchi, kwa sababu kila nikimwona mazoezini nakumbuka."

Nthenya alikuwa amemgeukia mwanawe. Kasyoka pia.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza Kitonga.

"Ni kaka yako. Na ni yeye alinipa viatu." Kitonga alikohoa. "Ningekuambia, ungelazimika kuchagua. Sikutaka uchague."

"Ulinidanganya tena, basi."

"Hapo sikudanganya. Hukuniuliza."

Mjomba mmoja alicheka chini chini, akajifanya anakohoa. Mutunga aliinuka kwenye kiti. Alitoa simu mfukoni, akafungua ile grupu ya mashabiki, akashikilia kitufe cha sauti, na mbele ya wageni wote akayarudia maneno yale yale, tangu paja mpaka benchi. Hakuruka kitu. Mwishoni alisema, "Mimi ni Mutunga, kocha. Asiyependa anitafute mimi, asitafute mama wa mtu." Akatuma.

Kisha akakiondoa kiti langoni.

"Rudi nyumbani," alimwambia Kitonga. "Msimu ujao. Jezi yako iko."

Watu walidhani Kitonga atafurahi. Yeye alitikisa kichwa, kwa heshima.

"Asante, kocha. Lakini sirudi. Mtito walinichukua wakati hapa hakuna aliyenitaka. Nikiwaacha sasa nitakuwa kweli yule mtu mliyekuwa mnamwimba."

Mutunga alimgeukia dada yake, kama anayetaka msaada. Kasyoka akasema Kitonga amesema kweli, na kama Nzuki inataka washambuliaji, basi ianze kuwatunza inaowazaa. Mzee Nzomo, ambaye alikuwa amesimama akishika nguzo ya lango muda huo wote, akasema mbuzi wanaungua na jua. Wakaingia.

Grupu ilikuwa na kelele mpaka jioni. Wengine walitaka Mutunga ajiuzulu, wengine wakaomba msamaha kwa maneno marefu. Kyule hakuandika kitu. Kesho yake alifika kwenye meza ya Nthenya na bodaboda, akanunua nyanya zaidi ya alizoweza kubeba, na Nthenya akamuuzia kama mteja mwingine yeyote, akamrudishia chenji yake, akamgeukia anayefuata.

Harusi ilifanywa kanisani Kambu, Desemba. Upande mmoja wa kanisa walikaa watu wa bluu, upande wa pili watu wa manjano, na mchungaji aliomba jamani wasiimbe nyimbo za uwanjani kabla ya viapo. Walimsikiliza mpaka viapo vikaisha.

Leo Kasyoka na Kitonga wanakaa Mtito Andei, nyuma ya kituo cha mafuta, katika nyumba yenye mlango wa bluu ambao Kasyoka amekataa kuusifu. Saluni yake bado iko Kambu. Mashabiki walimrudishia uongozi wa nyimbo, akaukubali kwa sharti kwamba hakuna wimbo wa kumtaja mzazi wa mtu.

Msimu mpya ulipoanza, mechi ya kwanza ikawa ya Mtito na Nzuki. Asubuhi hiyo Kitonga alikuwa akifunga begi lake. Kasyoka alitoka chumbani amevaa manjano tayari, anafunga nywele mbele ya kioo.

"Kwa hivyo kweli," Kitonga alisema. "Umelala kwangu, umekunywa chai yangu, na unaenda kukaa upande ule."

"Ndiyo."

"Majirani wa hapa watakuongelea."

"Wa Kambu waliniongelea mwaka mzima, na niko hapa. Wa Mtito watanitisha na nini?"

"Nikifunga goli je?"

"Nitalia. Halafu nitakuja nyumbani nikupikie."

"Na mkitufunga?"

Kasyoka alichukua begi lake, akafungua mlango.

"Mkifungwa utapika wewe, na mimi nitakuwa nimeketi hapo naimba."